Meza ya Karamu ya Majumbani

Tangu nirudi likizo hakuna aliyeniacha ninywe chai kwa amani katika ofisi ya walimu. Mmoja ananiuliza kama ni kweli nilikula kamba juu ya kitanda cha kuoshea maiti. Mwingine anauliza kama ni kweli nilikula nikaongezwa. Ni kweli, na tena ni kweli, na aliyewaletea habari hizi nusunusu ni dereva wa lori ambaye hata hakuwepo. Sasa nimekaa niandike yote, toka mwanzo hadi mwisho. Someni, halafu mniache.

Kibiti mpaka majini

Lori lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa nne, kwa sababu dereva alikuwa anangoja marobota mawili ya mitumba, na siku hizi mitumba ina heshima kuliko abiria. Tulipandishwa juu ya mizigo, watu wazima na akili zetu, tukishikilia kamba.

Tulipofika Mtawanya tukasimama, dereva akala, akanawa, akala tena. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa jua, nikaingia katika duka moja kutafuta dawa. Mle dukani mlikuwa na shampuu za aina tatu, na biskuti za nchi ambazo hata mimi ninayefundisha jiografia siwezi kuzionyesha kwenye ramani, na rangi ya kucha. Dawa ya kichwa hakuna.

"Soko huria, mwalimu," muuzaji akaniambia.

"Huria ya nani?" nikamuuliza. Akacheka, akaniuzia biskuti. Zilikuwa na ladha ya sabuni.

Juu ya lori nilikaa na mama mmoja aliyempakata jogoo. Alinimegea muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki mkavu, akaniuliza ninakwenda wapi.

"Nakwenda kumchukua shangazi yangu, tukatembee Majumbani."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Arusi?"

"Hakuna, mama. Tunakwenda kutazama zile nyumba za zamani na bustani zake."

Akatafuna kwanza, kisha akaniuliza, "Nyumba zenyewe zenu?"

"Si zetu."

"Sasa mtu mzima unatoka Kibiti, unakaa juu ya lori, uende ukatazame nyumba ya mtu?" Akamgeukia jogoo wake kama ndiye mwenye akili zaidi kati yetu. Nilikasirika wakati ule. Leo namkumbuka yule mama na kumpa haki yake.

Lori lilitutua ukingoni jioni, nikapata boti ya mashine ya Nahodha Shamte, mtu wa maneno machache ambaye ndiye aliyetubeba safari nzima. Alinipitisha katikati ya mikoko mpaka Mtondooni, kitongoji cha ng'ambo ya Mbuchi, na kabla sijaona nyumba hata moja nikasikia adhana ya magharibi ikivuma juu ya maji kwa kipaza sauti.

Mtondooni, kwa Shangazi

Shangazi yangu, Bi Tatu, ni dada mkubwa wa marehemu baba. Umri wake anaujua mwenyewe, lakini amepita sabini. Ndiye mwosha maiti wa kike wa Mtondooni. Mwanamke akifariki, usiku au mchana, huitwa yeye, na hajawahi kukataa wala kupokea chochote. Mikono yake imewaaga karibu wanawake wote aliocheza nao utotoni.

Alinipokea kwa wali wa nazi na samaki wa kuchoma, na sifa za kile kipaza sauti. "Umekisikia? Katuletea mwekezaji wa Majumbani. Kamati ya msikiti imekwenda kumwomba, naye katoa. Mwenyekiti Salumu kajitahidi, Mungu amlipe."

Nikaona jikoni kwake hakuna mlango, pametundikwa mkeka. Nikauliza.

"Mlango naoshea maiti," akasema, kama mtu anayekwambia mwiko kauazima jirani. "Kitanda chetu cha msikitini kimepelekwa Mafia kwa fundi, toka maulidi. Hakijarudi. Sasa mie nauza sura kila nyumba, nipeni mlango, nipeni mlango. Watu hawataki. Mwishowe nimeng'oa wangu. Wanawake watatu nimewaosha juu ya mlango, mwana'ngu. Mlango hauna upenyo, maji yanatuama chini ya mgongo wa maiti. Huyu wa mwisho, mama wa watu, kaniponyoka. Kidogo aanguke."

Nikaona jambo lile limemkaa moyoni.

Kile kitanda, akanieleza, kilitengenezwa na babu yangu mzaa baba, fundi Mbwana, aliyekuwa akiunda vyombo vya baharini. Alikitoa wakfu msikitini. Mbao tano zilizoachiana nafasi ya kidole ili maji yapite, miguu minne mifupi, na upande wa kichwani umeinuliwa ili maji yateremke miguuni. Kichimbiwe tu kishimo chini cha kupokea maji, kazi ni nyepesi. "Mama yangu nimemwosha juu yake," akasema Shangazi. "Nami nataka nioshewe hapo hapo. Sitaki mlango. Mlango ni wa kupita."

Mimi nimekulia Kibiti, kile kitanda sikuwahi kukiona. Nikamwambia asijali, mafundi wa Mafia ndivyo walivyo. Nikazungumzia safari ya kesho.

Mlango wa mbele

Majumbani ni rasi ya mchanga inayotazama bahari kuu, mwendo wa saa mbili kwa boti ya Shamte kama maji yamejaa. Tulikwama nusu saa kwenye tope kwa sababu maji hayakujaa. Kuna nyumba tatu kubwa za mawe, zilizojengwa na wafanyabiashara wa boriti enzi za watawala wa zamani. Mbili zimebaki kuta na popo. Ya tatu imenunuliwa na mwekezaji, imepakwa chokaa upya, na kuna ubao unaokaribisha watalii kuja kuona jumba na bustani na kula chakula cha mchana.

Shangazi alipokuwa msichana alikuwa akipeleka mayai pale. Siku zote alipita mlango wa nyuma, wa jikoni. Hata siku moja hakukanyaga baraza ya mbele. Mimi nilimwahidi miaka mingi kwamba nitamwingiza kwa mlango wa mbele, na ndiyo sababu ya safari yote hii. Alijifunga kanga mpya juu ya gauni la Idi, akapaka wanja.

Mlinzi wa geti akatutazama toka miguuni hadi kichwani. "Samaki wapelekeni nyuma, jikoni."

"Hatukuleta samaki," nikasema. "Sisi ni wageni."

"Pweza?"

"Wageni! Tumekuja kutazama!"

"Wenyeji wanapita nyuma," akasema, bila ubaya wowote, na huo ukosefu wa ubaya ndio ulionichoma. Kijana mwenyewe ni mtu wa huku huku, pengine ana shangazi kama wangu, na amekwisha fundishwa nani apite wapi.

Shangazi hakugombana. Alikaa chini, katikati ya njia, akanyoosha miguu. "Nyuma nshapita," akasema. "Napajua. Leo nimekuja kuona mbele."

Tulikaa hapo mpaka ikaja boti nyingine na Wazungu wanne wazee, wake na waume. Hawakuweza kumruka bibi aliyekaa njiani, na kiongozi wa watalii, kijana wa Dar aliyejiita Jimi, akatoka mbio kuwapokea. "Twendeni wote, maza, msijali, mambo poa." Ndivyo Shangazi alivyoingia kwa mlango wa mbele, ameshikwa mkono na bibi mmoja wa Kizungu aliyedhani anamsaidia kunyanyuka.

Bustani ni nzuri, sitasema uongo. Kuna milangilangi, asumini, mikomamanga, na kisima chenye kuta za mawe. Lakini kila Jimi alipofungua mdomo nilitamani niwe na chaki nimsahihishe. Alituonyesha ukuta akasema bwana mkubwa, mwenye jumba wa kwanza, aliujenga kwa mikono yake mwenyewe.

"Mikono yake?" Shangazi akaruka. "Mikono ile ilikuwa ikishika kikombe. Chokaa wamechoma babu zetu, mawe wamebeba bibi zetu vichwani. Asumini hii kaipanda Mzee Kibwana, na kalipwa debe la chumvi."

Wazungu wakauliza bibi anasema nini. Jimi akawatafsiria, kwa Kiingereza ninachokielewa vizuri, kwamba bibi anasifu maua.

Adhuhuri

Sasa nafika mahali mnapopataka.

Jua lilipopinda Shangazi akasema anakwenda kisimani kutawadha, asali adhuhuri chini ya milangilangi. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimesikia harufu ya nazi na kamba toka jikoni, na tangu asubuhi nilikuwa na biskuti za sabuni tumboni. Nikasema nitasali baadaye. Mwalimu wenu, kiongozi wa vipindi vya dini shuleni, alisema atasali baadaye.

Kwenye baraza ya mbele waliandaa chakula juu ya meza ndefu ya miguu mifupi, tukakaa juu ya mito kuizunguka. Ilikuwa nyekundu, imepakwa vanishi ikang'aa. Jimi akaipiga kofi. "Hii ndiyo meza ya karamu ya bwana mkubwa. Ilikuwa inalazwa mbuzi mzima hapa. Mnaona nafasi katikati ya mbao? Mafuta yadondoke. Mnaona imeinuka upande mmoja? Mchuzi uteremke kwa wageni wadogo."

Wazungu wakapiga picha. Nami, Mungu anisamehe, nikaona maelezo yanaingia akilini. Nikasugua ubao kwa kiganja, nikasema kwa Kiingereza kwamba mkomafi ni mti mzuri sana. Sahani yangu ya kamba ikawa inateleza kidogo kidogo kuelekea chini, nami nairudisha, inateleza, nairudisha. Mchuzi ukamwagika. Nikaomba waniongeze.

Nilikuwa nimeshika kamba wa pili wa sahani ya pili Shangazi alipopanda ngazi.

Hakupiga kelele. Alisimama nyuma yangu, akapitisha mkono juu ya bega langu, akagusa ubao. Akahesabu kwa vidole, mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasimama. Ubao ule ulikuwa mweupe kuliko wenzake, mtu asiyejua angedhani ni vanishi haikushika.

"Huu si mkomafi, huu ni mtondoo," akasema. "Wa kwanza ulivunjika siku ya kumwosha mama. Baba kautoa, akatia huu, na machozi yanamtoka." Halafu akaniambia, polepole, "Mwana'ngu, shusha huyo kamba."

Nilishusha.

Meneja akaja, mtu wa bara, shati limenyooshwa vizuri. Shangazi akamwambia kitanda hiki ni cha maiti, ni wakfu, wakfu hauuzwi wala haununuliwi. Meneja akasema mama punguza sauti, kuna wageni. Akasema wao hawakuiba, wamekipata kwa makubaliano na kamati ya msikiti ya Mtondooni, mwenyekiti Salumu na katibu wake walikileta wenyewe kwa boti, wakapewa kipaza sauti na betri yake.

Nilimwona Shangazi akilipokea lile neno kipaza sauti. Jana yake tu alikuwa amemwombea Salumu dua kwa ajili ya kitu hicho hicho. Mimi damu ilinipanda, nikaanza kupayuka juu ya sheria na mila na serikali, sijui hata nilisema nini. Meneja akanisikiliza kama anavyosikiliza mlevi.

"Mwalimu," akasema, "hata wewe umekula hapo ukaongezwa. Kama ni kitanda cha maiti mbona hukujua?"

Nikafuta vidole vyangu, bado vina mchuzi.

Shangazi ndiye aliyekuwa na jibu. Alisogeza sahani moja, akasogeza ya pili, kwa adabu kabisa, akapanda akalala chali juu ya mbao, katikati ya bakuli la kachumbari na jagi la maji. Kichwa upande ulioinuka, miguu upande wa chini. Kitanda kilimtosha sawasawa. Akafumba macho, akanyoosha mikono ubavuni, akatulia kama anavyowatuliza wengine.

"Waambie sasa," akaniambia, macho amefumba. "Wewe unajua lugha yao. Yule kijana asinitafsirie maua."

Nikawaambia. Kiingereza changu mnakijua, lakini siku ile kilitosha. Yule bibi aliyemshika mkono getini aliweka uma chini. Akamtazama Shangazi, akatazama zile nafasi za maji, akafunika mdomo kwa kitambaa, akatoka barazani. Mumewe akamfuata. Wale wawili waliobaki waliuliza boti yao iko wapi.

"Kiondoeni," meneja akasema kwa sauti ndogo. "Kiondoeni sasa hivi."

Shangazi akafumbua jicho moja. "Kwa mlango wa mbele," akasema.

Kurudi na mzigo

Shamte alikitazama kitanda, akatutazama, akavua kofia. Nikamwambia hakuna maiti. Akaivaa tena, bila kuuliza neno.

Lakini njiani, kwenye mikono ya mto, watu hawakujua. Kila boti tuliyokutana nayo ilizima mashine. Wakata boriti walisimama ndani ya tope wakainamisha vichwa. Mwanamume mmoja akapiga kelele toka ng'ambo, "Inna lillahi! Nani katutoka?"

Shangazi akajibu kwa sauti ambayo haikuhitaji betri. "Amana ndiyo iliyokufa, baba! Tunakwenda kuiosha!"

Mwenyekiti Salumu alikuwa anatungoja ukingoni na katibu wake, maana habari zilitutangulia, sijui kwa njia gani. Nilitarajia ataona haya. Ndugu zangu, hakuona haya. Alisema kitanda kilikuwa kikuukuu, kwamba Uislamu ni kuwafikishia watu adhana, kwamba kamati ina mpango wa kuagiza kitanda cha bati toka Dar. Tena kikiingia msikitini leo, mwekezaji kesho atakuja kung'oa kipaza sauti chake. Hivyo kisiingie.

"Na lile la fundi wa Mafia?" Shangazi akauliza.

"Hilo tulisema tu, tusiwashughulishe akina mama."

Nilitaka kumpiga. Nayaandika haya nikiwa mwalimu na mtu mzima, na bado nataka. Shangazi alinishika mkono, tukakipeleka kitanda barazani kwake.

Siku nzima iliyofuata nilikisugua kwa mchanga na ndimu, vanishi ikatoka na kucha zangu. Doa la mchuzi wangu, kubwa kama kiganja, upande wa miguuni, halikutoka.

Asubuhi ya Alhamisi

Baada ya alfajiri kipaza sauti kililia tena. Kilitangaza msiba, na kilitangaza vizuri sana, kila jina lilisikika. Aliyefariki ni Bi Zena, mama yake Mwenyekiti Salumu.

Alikuja mwenyewe, peku, kofia mkononi. Akasimama chini ya baraza.

"Bi Tatu. Mama hatunaye."

"Nimesikia. Mtambo wako unasikika."

Akakitazama kitanda. Mwishowe akasema, "Naomba."

Nasema kweli, nilitaka Shangazi amnyime. Nilitaka amwambie akang'oe mlango wake. Nilikuwa nimelibeba lile jibu siku mbili, nikimngojea amwambie. Yeye alimtazama mpaka jasho likamtoka Salumu.

"Zena kanikanda nilipozaa," akasema hatimaye. "Simwoshi juu ya mlango. Shika huko miguuni. Mwite katibu wako ashike kichwani. Mwalimu asiwasaidie. Na msipite kwa nyuma, piteni uwanjani, mbele ya msikiti."

Walikibeba mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyewazomea. Watu walisimama tu wakatazama, na nadhani zomeazomea ingekuwa rahisi zaidi kwao.

Shangazi alipomaliza kazi alitoka nje, mikono bado imelowa. Salumu akamsogelea, akamuuliza kama baada ya maziko akirudishe kitanda kwake.

"Kwangu kwa nini? Kina kwao. Kirudishe msikitini kilikowekwa na baba yangu. Kufuli nitanunua mie, na ufunguo utakaa kwetu sie tunaoosha." Salumu akaitikia kwa kichwa. Hakuzungumzia mwekezaji wala kipaza sauti.

Jioni ile nilimwomba Shangazi radhi kwa mara ya nne, kwa kamba, na kwa ile sala niliyoiahirisha. Nikamwambia doa limekataa kutoka, nitatafuta randa niuparue ule ubao.

"Liache," akasema. "Siku yangu ya kuoshwa ikifika, utakuja?"

"Nitakuja, Shangazi."

"Basi ukifika waulize walioniosha, miguu yangu ilikaa wapi. Wakikwambia ilikaa juu ya mchuzi wako, ujue nimekusamehe."